Kubadilisha Redio ya Gari: Yajue Haya Kabla Nyaya Hazijakatwa



Ndugu wasomaji, katika makala hii tunaeleza jambo ambalo wenye magari wengi hulifanya na wachache hulielewa, nalo ni kuitoa redio iliyokuja na gari na kuweka nyingine ya dukani, pengine pamoja na spika mpya, amplifaya na sabufa. Wapo wanaotaka kusikiliza Qur-aan na mawaidha kutoka kwenye simu wakiwa safarini, wapo wanaotaka skrini na kamera ya nyuma, na wapo ambao redio yao haishiki vituo vya nchini. Yote hayo ni mahitaji ya kawaida.

Tatizo ni kwamba kazi hii huchukuliwa kama pambo la gari, ilhali ni kazi ya umeme. Ikikosewa, hasara haiishii kwenye sauti mbaya. Betri hulala, kamera huungua, na kubwa kuliko hayo, waya usio na fyuzi unaweza kuwasha moto ndani ya gari lililobeba familia.

Hatutazungumzia hapa hukumu ya kinachosikilizwa. Hilo lina mahali pake na wenye elimu wa kuulizwa. Tunazungumzia kifaa chenyewe, namna kinavyofungwa, na haki zinazopita kati ya mwenye gari, muuzaji, fundi na jirani.

Kwa nini redio ya Japani haishiki vituo vyetu

Magari mengi yanayoendeshwa Tanzania, Kenya na Uganda yameletwa yakiwa yametumika nchini Japani. Redio zake zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako masafa ya FM yalianzia megahezi 76 na kuishia 90. Huku kwetu vituo vya FM viko kati ya megahezi 87.5 na 108. Kwa hiyo sehemu ambayo redio hiyo na vituo vyetu vinakutana ni ndogo sana, kuanzia 87.5 hadi 90. Redio za Kijapani za miaka ya karibuni hufika 95, lakini bado sehemu kubwa ya vituo vyetu inabaki nje.

Wengi huuziwa kifaa kidogo kiitwacho bendi ekspanda, ambacho hufungwa kwenye waya wa antena. Kazi yake ni kuyashusha masafa. Kikiwa ni cha kushusha megahezi 18, kituo kilicho 98.0 kitaonekana kwenye redio kama 80.0, na kilicho 106.0 kitaonekana kama 88.0. Lakini tazama: kituo kilicho 92.0 kitashuka hadi 74.0, na redio haifiki huko. Redio ya Kijapani ya zamani ina upana wa megahezi 14 tu, ilhali vituo vyetu vimeenea katika upana wa zaidi ya 20. Hakuna ekspanda moja itakayovileta vyote. Pia mara nyingi vituo huingiliana na sauti hupungua usafi.

Anayetaka kituo kimoja au viwili tu anaweza kutosheka na ekspanda, na hiyo ni gharama ndogo. Anayetaka vyote, pamoja na simu na USB, ndiye mwenye haja ya kubadilisha redio. Tunausia mtu ajiulize kwanza haja yake ni ipi, maana wengi wametumia fedha nyingi kwa haja iliyokuwa ndogo.

Ipo sababu nyingine. Baadhi ya redio za Kijapani zenye skrini na ramani hujifunga zenyewe betri inapotolewa, kisha hudai namba ya siri au kadi yake ya ramani, tena kwa maandishi ya Kijapani. Mtu hubadilisha betri asubuhi, na jioni redio imekuwa kioo kisichofanya kazi. Kwa hiyo kabla ya kuchomoa betri, hakikisha kadi ya ramani ipo mahali pake na umeulizia kama redio yako ni ya namna hiyo.

Ukubwa wa nafasi

Redio za magari zina vipimo vinavyofahamika. Kipimo kiitwacho DIN, kilichoanzia Ujerumani, kina upana wa milimita 180 na urefu wa kwenda juu milimita 50. DIN mbili ni upana uleule na urefu wa milimita 100. Magari mengi ya Toyota yana nafasi pana kidogo, milimita 200 kwa 100. Ndiyo maana redio ya kawaida ya DIN mbili ikiwekwa kwenye Toyota huacha mwanya pembeni, na mwanya huo huzibwa kwa vipande maalumu vya plastiki.

Skrini kubwa za inchi 9 au 10 huja na fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya gari la aina fulani na miaka fulani. Usinunue redio kwanza na kutafuta fremu baadaye. Mtaje muuzaji jina la gari na mwaka wake, na fremu ijaribiwe kabla hujalipa. Dashibodi iliyokatwa kwa kisu ili redio iingie hairudi tena kama ilivyokuwa.

Plagi ya kati: sehemu ambayo haifai kubana matumizi

Nyuma ya redio ya kiwandani kuna plagi zinazoingia na kutoka bila kukata kitu. Kwenye Toyota nyingi ni mbili: kubwa ya pini 10 yenye umeme na spika za mbele, na ndogo ya pini 6 yenye spika za nyuma. Madukani zinauzwa plagi za kati, ambazo upande mmoja huingia kwenye plagi za gari na upande wa pili huungwa na nyaya za redio mpya. Ukiwa nazo, hakuna waya hata mmoja wa gari utakaokatwa.

Fundi asiyekuwa nazo, au asiyetaka kusumbuka, hukata plagi za gari na kusokota nyaya kwa mkono, kisha hufunga tepu. Kwa joto la dashibodi zetu gundi ya tepu huyeyuka, tepu hufunguka, nyaya hugusana. Aidha, gari likitakiwa kuuzwa au redio ya zamani kurudishwa, hakuna tena pa kuichomeka. Bei ya plagi hizo ni ndogo ukilinganisha na ya redio yenyewe. Kama kuna jambo moja tu utakalolishika katika makala hii, basi ni hili: usiruhusu plagi za gari lako zikatwe.

Maana ya rangi za nyaya

Redio za dukani hufuata rangi ambazo karibu watengenezaji wote wanazitumia. Ni vizuri mwenye gari azifahamu hata kama hatafunga mwenyewe:

1. Manjano ni umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Huifanya redio ikumbuke saa na vituo.
2. Nyekundu ni umeme unaokuja funguo inapozungushwa. Huwasha na kuzima redio.
3. Nyeusi ni hasi, huenda kwenye bodi ya gari.
4. Bluu ni ya antena ya umeme, na bluu yenye mstari mweupe huiamuru amplifaya iwake.
5. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu ya mbele kulia, kijani ya nyuma kushoto, zambarau ya nyuma kulia. Kila moja huja na mwenzake wenye mstari mweusi, ambao ni upande wa hasi wa spika hiyo.

Rangi hizi ni za redio, si za gari. Gari lina rangi zake, hivyo kuunganisha kwa kufananisha rangi ni kosa. Lazima kipimo cha umeme kitumike.

Makosa mawili hutokea sana. La kwanza ni kuunganisha manjano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa moja kwa moja. Redio itawaka na mteja ataondoka akiwa radhi, lakini redio hiyo inaweza kuendelea kunywa betri usiku na mchana. Tuseme inavuta ampea 0.3 tu. Kwa saa 24 ni zaidi ya ampea-saa 7. Betri ya ampea-saa 45 itakuwa imekauka ndani ya wiki, na gari litashindwa kuwaka kabla ya hapo. Mwenye gari atanunua betri mpya, nayo italala vilevile.

La pili ni kuunganisha hasi za spika kwenye bodi ya gari. Zamani redio nyingi ziliruhusu hivyo. Redio za leo haziruhusu, kwani hasi ya spika nayo hubeba sauti, na ikigusa bodi huweza kuunguza sehemu ya sauti ya redio papo hapo.

Tahadhari na manjano ya eabegi

Hapa tunaomba msomaji asome kwa utulivu. Tumesema waya wa manjano wa redio ni umeme wa betri. Ndani ya dashibodi na chini ya usukani zipo pia plagi na nyaya za manjano za mifuko ya hewa, yaani eabegi. Watengenezaji wamezipaka rangi hiyo ili fundi azitambue na aziache. Mtu anayetafuta umeme kwa taa ya kupimia, akaichomeka kwenye waya wa manjano wa eabegi, anaweza kuulipua mfuko ule ulio mbele ya uso wake. Akizikata, mfuko huenda usifunguke siku ya ajali.

Utaratibu ulio salama ni kuzima gari, kuondoa hasi ya betri, na kungoja. Toyota huelekeza kungoja angalau sekunde 90 ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa eabegi umalizike. Fundi anayeanza kung'oa dashibodi huku funguo ikiwa imewashwa, mzuie.

Kamera, usukani na waya wa breki ya mkono

Kamera nyingi za nyuma zilizokuja na magari ya Toyota hutumia volti 6, si 12. Redio mpya hutoa volti 12. Ikiunganishwa bila kifaa cha kupunguza umeme, kamera iliyodumu miaka 10 huungua kwa dakika moja. Muulize fundi kabla ya kazi kuanza: kamera ya gari hili ni ya volti ngapi?

Vitufe vya kwenye usukani navyo vina nyaya zake, ambazo katika redio mpya mara nyingi huandikwa KEY 1 na KEY 2. Visipounganishwa vitakufa, na utalazimika kupeleka mkono kwenye skrini kila mara. Baadhi ya magari ya Ulaya husafirisha sauti kwa nyaya za mwanga badala ya shaba, na mengine hutoa milio ya tahadhari kupitia redio hiyohiyo. Magari ya aina hiyo yanataka vifaa vyake maalumu na fundi anayeyajua.

Kisha upo waya wa breki ya mkono. Umewekwa ili video isionekane mpaka gari lisimame na breki ivutwe. Mafundi wengi huuunganisha kwenye bodi ya gari ili video icheze wakati wote, na wateja wengi huomba wenyewe. Hili tunalikataza kwa msisitizo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa kila sekunde. Dereva anayetazama skrini kwa sekunde 3 amekwenda mita 50 bila kuona njia. Maisha ya abiria na ya watoto wanaovuka barabara ni amana iliyo mikononi mwake.

Wati za kwenye boksi

Karibu kila redio ya dukani imeandikwa 50W x 4. Hebu tuihesabu. Gari likiwa linanguruma, umeme wake ni takribani volti 14.4. Spika za kawaida zina ukinzani wa omu 4. Ukizidisha 14.4 kwa 14.4 na kugawa kwa 4 unapata karibu 52. Hapo ndipo 50 ilipotoka. Lakini hesabu hiyo ni ya sauti iliyokwisha kupasuka kabisa, isiyosikilizika. Kwa sauti safi, kiwango cha juu kabisa ni nusu yake, wati 26, na baada ya kile kinachopotea ndani ya redio zinabaki takribani 20 kwa kila spika.

Wati 20 safi zinatosha sana ndani ya gari dogo. Unaponunua, tafuta namba iliyoandikwa RMS, maana ndiyo ya nguvu inayoendelea. Namba iliyoandikwa MAX au PEAK iache. Sabufa ndogo iliyobandikwa wati 1000 bila neno RMS haina ushahidi wowote wa wati hizo. Na kwa ndugu zetu wafanyabiashara tunakumbusha kwamba kumwambia mteja namba ambayo muuzaji anajua si ya kweli ni ghishi, hata kama imechapishwa na mtengenezaji.

Amplifaya na fyuzi

Amplifaya ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja huvuta takribani ampea 9. Amplifaya inayotoa wati 500 za kweli huvuta kati ya ampea 40 na 60 ikifunguliwa kwa nguvu. Umeme huo haupitishwi kwenye nyaya za redio. Unahitaji waya wake mnene wa shaba unaotoka moja kwa moja kwenye betri, na unene wake ulingane na ampea pamoja na urefu wa njia. Jihadhari na nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba kwa nje. Zinafanana na za shaba, lakini hazibebi umeme kiasi kilekile.

Fyuzi ya waya huo inatakiwa kuwa karibu na betri, ndani ya nusu mita. Wengi huiweka karibu na amplifaya kwenye buti na kuona wametimiza wajibu. Fyuzi hapa inalinda waya. Waya ukichubuka unapopita kwenye tundu la bati na kugusa bodi, umeme wote wa betri utapita pale. Kama fyuzi iko nyuma kwenye buti, haitaujua, na waya utawaka kama makaa chini ya zulia. Kila tundu la bati liwe na mpira wa kuzuia mchubuko. Na fyuzi ikikatika, usiweke kubwa zaidi wala kuikunjia waya. Tafuta kwanza sababu iliyoikata.

Jambo jingine: spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba kwenye njia moja huwa omu 2. Redio nyingi hazikutengenezwa kwa hilo, hupata moto na kuungua.

Masikio yako na haki ya jirani

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtu anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhofia usikivu wake. Ikipanda hadi desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Dereva anayekaa kwenye foleni saa 2 kila siku akiwa na desibeli 90 ameumaliza muda wake wa wiki ndani ya siku mbili. Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi. Kipimo chepesi ni hiki: kama huwezi kuzungumza na aliyekaa pembeni yako bila kupaza sauti, punguza.

Tena sauti ya sabufa haiishii ndani ya vioo. Mdundo wa chini hupenya kuta kuliko sauti ya juu, na mgonjwa, mtoto mchanga na anayeswali hawakuchagua kuusikia. Hata kinachochezwa kikiwa ni mawaidha, kumkera jirani usiku wa manane hakugeuki kuwa jambo jema. Sheria nazo zipo: Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, na Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015.

Makubaliano na fundi

Mengi yanayozusha ugomvi ni yale yasiyosemwa mwanzoni. Tunausia haya:

1. Kubalianeni bei ya kazi na bei ya vifaa kila moja peke yake, na iandikwe.
2. Sema wazi: plagi za gari zisikatwe.
3. Kabla ya kazi, jaribuni pamoja taa, kamera, honi, vioo na vitufe vya usukani. Baada ya kazi jaribuni tena hayohayo. Taa ya eabegi kwenye dashibodi iwake na izime kama ilivyokuwa kabla.
4. Redio ya zamani ni mali yako. Fundi asiichukue ila kwa ridhaa yako. Ihifadhi pamoja na skrubu zake.
5. Usinunue redio iliyotumika isiyojulikana ilikotoka. Bei iliyo chini mno na nyaya zilizokatwa nyuma ya redio ni dalili ya kuporwa, na mwenye kununua huku akijua anashiriki katika dhulma.
6. Kama gari lina bima kubwa, ijulishe kampuni ya bima na uweke risiti.

Fundi naye ana haki yake: alipwe kamili na kwa wakati, na asiharakishwe. Kazi ya kufunga redio, kamera na amplifaya kwa ufasaha huchukua saa kadhaa, si nusu saa ya kungojea pembeni ya barabara.

Baada ya kufungiwa, tembea na gari siku chache huku ukiwa macho. Harufu ya plastiki iliyoungua, fyuzi inayokatika mara kwa mara, au gari kuchelewa kuwaka asubuhi ni ishara za kurudi kwa fundi siku hiyohiyo. Ukisikia harufu ya moto ukiwa njiani, simama, zima gari, toa watu kwanza, kisha ondoa hasi ya betri kama ni salama kufika hapo.

Tunamuomba Allaah awalinde wasafiri wetu wote. Wabillaahi tawfiyq.